Malazi matatu kwa usiku 9: uzoefu wangu

Safari hii nilikuwa peke yangu, usiku 9 katika mji mkubwa nisioujua, na bajeti iliyobana. Niligawa malazi mara tatu: usiku 3 kwenye gesti pembezoni mwa mji, usiku 2 kwenye fleti ya kupangisha kwa siku, na usiku 4 kwenye bweni la hosteli karibu na stesheni. Nilikuwa nimezipanga kichwani kuanzia ya nafuu hadi ya ghali. Nilipofunga hesabu, mpangilio huo ulikuwa umevurugika kabisa.

Gesti ndiyo iliyokuwa na bei ya chini kuliko zote. Chumba kilikuwa safi, shuka zinanukia sabuni, maji ya moto saa zote, na mama wa mapokezi alinipokea vizuri mno. Kwa chumba chenyewe sina lawama. Tatizo lilikuwa umbali. Tangazo lilisema dakika 20 kutoka katikati ya mji, na kweli ni dakika 20, ukiwa na gari lako na barabara haina mtu. Kwa basi, tena mabasi mawili, nilitumia karibu saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi. Basi la mwisho la kuelekea kule lilikuwa linaondoka kabla ya saa 3 usiku. Siku ya kwanza lilinipita, nikachukua teksi. Siku ya pili likanipita tena. Asubuhi ya kuondoka nilikaa kitandani na daftari, nikajumlisha nauli na teksi zile mbili juu ya bei ya chumba: ningelala hosteli ya mjini usiku zote tatu na chenji ingebaki.

Tangu siku hiyo sichagui chumba kabla ya kuweka anwani yake kwenye ramani, nikatazama usafiri wa umma kwa saa nitakayorudi kweli. Ukiangalia saa 6 mchana, kila mahali ni karibu. Na ukiona tangazo limetaja jina la mtaa bila anwani, mwandikie mwenye nyumba umuulize kituo cha basi kilipo. Mwenye sehemu nzuri hujibu haraka.

Fleti nayo ilinifundisha kwa njia nyingine. Bei ya usiku mmoja ilinivutia, lakini nilipofika ukurasa wa kulipa ilikuwa imeongezeka ada ya usafi na ada ya huduma ya tovuti. Ada ya usafi hutozwa mara moja tu, ulale usiku 1 au 10. Kwa usiku wangu 2 ilikaribia kuwa sawa na bei ya usiku mzima wa tatu ambao sikulala. Ningekaa wiki mbili, isingeniuma. Nililipia pia jiko ambalo sikulitumia, maana nani atanunua chupa nzima ya mafuta kwa siku mbili? Marekani wameweka kanuni, kuanzia Mei 2025, kwamba hoteli na nyumba za kukaa muda mfupi zionyeshe jumla ya ada za lazima tangu mwanzo, na natamani iwe hivyo kila mahali. Hata hivyo kodi za serikali zinaweza kuongezwa baadaye, na miji mingi ina kodi yake ya wageni. Amsterdam, kwa mfano, tangu 2024 inachukua asilimia 12.5 ya bei ya malazi. Kwa hiyo linganisha jumla na jumla, ya siku zako zote, na achana na ile namba kubwa iliyoandikwa juu ya picha.

Sasa hosteli. Niliingia kwa wasiwasi, kwa sababu sijawahi kulala chumba kimoja na watu watano nisiowajua. Kitanda changu kilikuwa cha juu, karibu na dirisha. Kilikuwa na pazia zito ambalo ukilivuta unabaki na chumba chako kidogo: taa ya kusomea, soketi ya kuchajia simu, na kirafu cha kuweka miwani. Chini kulikuwa na kabati la chuma lenye kitasa cha kutia kufuli. Kufuli unakuja nalo mwenyewe, la sivyo unakodi mapokezini. Taulo pia ni la kukodi. Mmoja wetu alikoroma usiku zote nne, nikashukuru vile vizibo vya masikio nilivyobeba. Saa 1 asubuhi bafu lilikuwa na foleni, lakini ukiamka nusu saa mapema unaoga kwa raha.

Hosteli zenyewe zilianza na mvua. Mwaka 1909 mwalimu Mjerumani, Richard Schirrmann, alinaswa na dhoruba akiwa matembezini na wanafunzi wake, wakapata hifadhi kwenye jengo la shule. Kutokana na usiku ule akawaza malazi rahisi kwa vijana wasafiri, na hosteli ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome ya Altena, hukohuko Ujerumani, mwaka 1912. Nilimkumbuka kwa shukrani nikiwa nyuma ya pazia langu, stesheni ikiwa hatua chache kutoka mlangoni.

Katika kuchagua, nyota za hoteli hazikunisaidia sana, maana hakuna chombo kimoja cha dunia nzima kinachozitoa. Kilichonisaidia ni maoni ya wageni ya miezi mitatu ya mwisho, hasa ya wale waliotoa alama za katikati, kwa kuwa wao hutaja kelele, ngazi na maji bila hasira wala sifa. Bei isiyorudishwa, yaani ukighairi hurudishiwi pesa, huwa nafuu kidogo. Mimi huichukua pale tu tiketi ya safari ikiwa mkononi.

Mwakani tutakuwa wanne, mimi, dada yangu na wanawe wawili, kwa siku 12. Safari hiyo nataka fleti, na tutapika. Nimeshawaandikia wenye nyumba watatu swali lile lile: jumla ya yote ni kiasi gani, na basi la mwisho linapita hapo saa ngapi?