TAHADHARI: Anauza kerisi kwa kubadilisha mipini

Jamani wapenzi wa majambia na visu vya kale, kuna mtu anawafuata watu inboksi akiuza kerisi, yaani majambia ya Indonesia. Hadithi yake haibadiliki: ni mali ya familia ya Kiholanzi iliyotoka Java, na mpini ndio ushahidi wa zilikotoka.

Mpini si ushahidi. Umechomekwa tu kwenye kijiti cha chuma kilicho nyuma ya ubapa, mara nyingi na kitambaa cha kuubana. Zungusha, vuta, unatoka. Nimelinganisha picha zake mbili, moja kaiandika "Bugis, Sulawesi", nyingine "Madura, ya kifalme". Mistari ya chuma kwenye ubapa ni ile ile, mpaka pengo la kutu karibu na ncha. Kilichobadilika ni mpini na bei!

Tena hata kuchanganya hajui. Mpini wa Kibugis, watu wa Sulawesi, umepinda kama kichwa cha ndege, na chini yake hukaa kikombe kidogo cha madini. Yeye kaweka pete ya vijiwe, mtindo wa Java. Mpini wa Solo au Yogyakarta, miji ya Java, ni wa mbao, umeinama kidogo, una vipande viwili vidogo vya nakshi upande wa ndani. Wa Solo ni mnene zaidi. Mpini wa sanamu ya mtu aliyejikunyata ni wa Sumatra na Rasi ya Malay. Sanamu ya jitu la macho makali, dhahabu na vito, hilo ni la Bali, na ndilo analolipenda kwa kuwa linauzika. Lakini ubapa wa Bali kwa kawaida ni mkubwa, umesuguliwa ukateleza. Wake ni mfupi na umekwaruza.

Kerisi mpya si aibu. Mafundi wa Aeng Tong-tong, Sumenep, kisiwani Madura, wanatengeneza nzuri mno. Tatizo ni kuuziwa ya juzi kwa bei ya karne ya 18.

Huo mpini wa "pembe ya ndovu" anasema ataupitisha posta kama "pambo la mbao". Bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, forodha watakayemtafuta ni wewe mpokeaji.

Nilimwomba picha ya kerisi iliyovuliwa mpini, na karatasi ya tarehe ya leo kando yake. Akanibloku. Anataka nusu ya pesa kwanza, tena kwa njia isiyorudishika. Mwenye picha zake nyingine aziweke hapa tulinganishe bapa.