Riwaya za shosho mpelelezi: ipi ununue kwanza na ipi isubiri

Kama unapenda hadithi za mauaji lakini umechoka na yule mpelelezi wa kila siku, mwanaume mlevi, bibi amemtoroka, kila wiki anagombana na mkubwa wake kazini, basi tafuta vitabu ambavyo anayemfuata muuaji ni mama mzee aliyestaafu. Siku hizi viko vingi na hapo ndipo shida inaanzia, juu tangu mwandishi Richard Osman wa Uingereza avume 2020 kila mchapishaji anataka shosho wake, na vingine ni kava tu, ndani hakuna kitu.

Mimi navipima hivi: uzee wa huyo mama lazima ufanye kazi ndani ya hadithi. Mtu akistaafu anarudisha kitambulisho, hana pingu, hana waranti ya kuingia kwa nyumba ya mtu, faili zimebaki ofisini na magoti yanauma. Kile amebaki nacho ni kumbukumbu, watu anaowajua, na ile hali ya kwamba hakuna anayemwangalia mara mbili. Hapa Nairobi hiyo tunaijua vizuri, kwa ploti kuna shosho anakaa nje na kistuli akichambua sukuma, anajua nani ameingia saa ngapi na ameletwa na gari gani, na watu wakipita karibu naye wakipiga simu hata hawashushi sauti. Mwandishi anayejua kazi yake anaitumia hiyo. Lakini kama unaweza kumtoa huyo mama uweke kijana wa miaka 35 na hakuna kitu kinabadilika, hicho kitabu rudisha kwa shelfu.

Sasa nianze na ya kwanza, na hapa sina wasiwasi hata kidogo: The Thursday Murder Club ya Richard Osman, ile ya 2020. Wazee wanne wanaishi Coopers Chase, makao ya wastaafu huko Kent, Uingereza, na kila Alhamisi wanakutana kupitia kesi za zamani za mauaji ambazo polisi walishindwa kumaliza. Hizo faili zilikuwa za Penny, inspekta wa polisi aliyestaafu, yeye na Elizabeth ndio walianzisha klabu, sasa Penny amelala tu kitandani hajitambui na Elizabeth bado huenda kukaa kando yake amweleze kesi imefika wapi. Elizabeth mwenyewe alikuwa jasusi, na Osman hakuletei historia yake yote mara moja, anakudokezea kidogo kidogo, leo unasikia jina la mji fulani, kesho mtu fulani anamdai fadhila ya miaka mingi. Kuna kitu Elizabeth anafanya ambacho kilinifanya nimwamini huyu mwandishi moja kwa moja: anafungua dayari yake, anaenda mbele wiki mbili, anajiandikia swali dogo tu, halafu hiyo siku ikifika anajaribu kulijibu aone kama akili bado inashika. Bwana yake, Stephen, anapoteza kumbukumbu polepole, kwa hivyo huyu mama anajua vizuri kitu anachoogopa. Hapo ndio uzee umefanya kazi, si mapambo.

Halafu kuna Joyce, nesi mstaafu, yeye ndiye anaandika dayari ya mambo yote, anaanza na keki anaishia kwa maiti kwa paragrafu moja na huoni mshono. Usimdharau Joyce, wauaji ndio humdharau. Vinunue kwa mpangilio: The Man Who Died Twice ni 2021, The Bullet That Missed 2022, The Last Devil to Die 2023, The Impossible Fortune 2025. Ukiruka mpangilio kesi utaielewa lakini maisha yao utayapata nusu, na cha nne kisome ukiwa nyumbani, si kwa matatu, utalia. Kama uliona ile sinema ya Netflix ya 2025, Helen Mirren akiwa Elizabeth, bado nunua kitabu, juu raha ya Joyce iko kwa vile anaandika na hiyo unaipata kwa karatasi. Angalia tu usichanganye, We Solve Murders ya 2024 ni ya Osman pia lakini ni msururu mwingine na watu wengine kabisa.

Ya pili ni The Spy Coast ya Tess Gerritsen, 2023, na kama wewe unataka mbio na risasi kuliko chai na mazungumzo basi kwako hii ndiyo ya kwanza. Maggie Bird alikuwa CIA, akaacha, akahamia mji mdogo unaitwa Purity, jimbo la Maine huko Marekani, akafuga kuku. Kitabu kinaanza na mbweha anayemaliza kuku wake, na mtu yeyote amewahi kuamka asubuhi akute banda limevamiwa atamwelewa huyu mama kabla hata siri zake hazijatoka. Halafu maiti ya mwanamke inatupwa hapo kwa njia ya kuingilia nyumbani kwake. Marafiki zake wa hapo mjini nao ni majasusi wastaafu, wanakutana wanakunywa na wanajiita Martini Club, na afisa wa polisi wa huko, Jo Thibodeau, anashangaa mbona hawa wazee kila mara wako hatua moja mbele yake. Hadithi inarudi nyuma Bangkok inafika hadi Malta, inakaa London pia, na kila ukirudi Maine unaona bei ambayo Maggie alilipa. Gerritsen mwenyewe alikuwa daktari kabla ya kuandika na anaishi Maine, akagundua kwamba mji wake una majasusi wengi wastaafu, ndio wazo likatoka hapo. Inaonekana, watu wake hawana haraka ya kujionyesha. Cha pili chake ni The Summer Guests, 2025, kizuri lakini anza na hiki.

Namba tatu nampa Miss Marple wa Agatha Christie, na najua kuna mtu atasema huyo hajastaafu kazi yoyote. Ni kweli, hakuwahi kuwa polisi, ni mama wa kijiji cha St Mary Mead tu, anafuma sweta na kusikiliza. Lakini hawa wote wengine wametembea kwa njia aliyoifungua yeye, riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ni ya 1930. Mbinu yake ni moja: akikutana na mtu mgeni anakumbuka mtu wa kijijini kwake aliyekuwa na tabia kama hiyo, na tabia ndiyo inamtoa muuaji. Anza na A Murder Is Announced ya 1950, ambapo gazeti la mtaa linatangaza kwamba mauaji yatafanyika leo saa fulani nyumba fulani na majirani wanaenda kuangalia. Mpangilio si muhimu, isipokuwa A Caribbean Mystery ya 1964 isome kabla ya Nemesis ya 1971, kuna mzee wa ile ya kwanza ambaye anamwachia kazi kwenye ya pili. Na Sleeping Murder ilitoka 1976 Christie akiwa ameshafariki lakini aliiandika miaka mingi nyuma, kwa hivyo usitarajie kwaheri yoyote.

Ukimnunua Marple mtaani kuna mtego, na huu unakula pesa za watu: kitabu kimoja kina majina mawili, la Uingereza na la Marekani. 4.50 from Paddington ndiyo What Mrs. McGillicuddy Saw!, They Do It with Mirrors ndiyo Murder with Mirrors, na The Thirteen Problems ndiyo The Tuesday Club Murders. Kwa mitumba yote mawili huja, kwa hivyo soma kurasa za kwanza hapo hapo kabla utoe pesa.

Nne, Mrs. Pollifax wa Dorothy Gilman. The Unexpected Mrs. Pollifax ni ya 1966, mjane wa New Jersey, watoto wamekua, amechoka na mambo ya klabu ya bustani, anaenda ofisi za CIA kuwaambia anataka kuwa jasusi. Anatumwa Mexico kazi rahisi ya kuchukua kitu na kurudi, anajipata mfungwa Albania. Ni nyepesi na ina moyo, na kuna moja ya baadaye inaenda Zambia. Madukani si rahisi kuipata mpya, macho yako yawe kwa mitumba.

Tano, Killers of a Certain Age ya Deanna Raybourn, 2022. Wanawake wanne wa miaka 60, si wapelelezi, ni wauaji wa kulipwa wanaostaafu, halafu shirika lao lenyewe linataka kuwamaliza na inabidi wachunguze nani ametoa amri. Haraka sana, inachekesha, lakini hao wanne wakati mwingine unawachanganya sauti. Sita ni The Marlow Murder Club ya Robert Thorogood, 2021, Judith Potts ana miaka 77, anatunga mafumbo ya maneno ya magazeti na anaogelea mto Thames bila nguo. Ya kupumzisha akili, ukimaliza Osman na bado una hamu.

Nje ya orodha nina moja ya mtu anayetaka kitu kizito: Drive Your Plow Over the Bones of the Dead ya Olga Tokarczuk wa Poland, aliyepewa Nobel ya fasihi ya 2018. Janina Duszejko alikuwa injinia wa madaraja, sasa anaishi peke yake karibu na mpaka wa Czech, wawindaji wanakufa mmoja mmoja na yeye ana maelezo ambayo polisi hawataki kusikia. Barua anaandika, hazijibiwi. Sikuiweka kwa namba juu haishindani na hizi zingine, inakuacha na hasira ya siku nyingi. Na ukiuziwa Vera Stanhope wa Ann Cleeves kama mstaafu, jua Vera bado yuko kazini na ana kikosi chake, vitabu ni vizuri sana ila si vya mwongozo huu.

Kununua sasa. Mpya, uliza maduka ya vitabu kama Text Book Centre au Nuria, na jitayarishe kulipa elfu moja na kitu kwenda juu. Kwa wauzaji wa barabarani Moi Avenue na Tom Mboya utapata Christie kwa mia chache, mnaelewana bei. Lakini kopi feki zimejaa, hasa za vitabu vinavyovuma kama vya Osman: kava maandishi yake yana ukungu, karatasi unaona upande wa pili, mistari imepinda. Kabla ulipe, kunja kitabu kidogo katikati usikie kama gundi inalia, halafu enda ukurasa wa mwisho na uangalie namba za kurasa za sura tatu za mwisho zimefuatana, bila kusoma. Riwaya nyingine ikikosa kurasa nne utavumilia, hii ikikosa hizo nne hujui nani aliua.

Kama ni zawadi ya mamako au shosho, usimnunulie Christie ya mtumba hata kama ni rahisi, maandishi ya zile za zamani ni madogo mno. Mchukulie Osman mpya, au mwekee kwa simu au Kindle akuze herufi vile anataka, au kitabu cha kusikiliza akiwa jikoni.