Mipira ya gari kwa msimu wa mvua hapa Goma: ipi uchukue, ipi uache

Mvua ya mwezi wa tisa ikikaribia ndiyo watu wa Goma wanakumbukaka mipira, basi niwapangie namna mimi naiona, ya kwanza mpaka ya mwisho. Niko na RAV4 ya zamani, napitaka Ndosho kila siku, lami kidogo, mawe ya volkano mengi.

Ya kwanza ni AT mpya, ule mpira wa njia zote, lami na matope. Inashika mu matope na bado inatulia kwenye lami, na ubavu wake mara nyingi ni mgumu kuliko wa mpira wa kawaida, juu hapa kwetu kinachoua mpira ni ubavu, yale mawe yanakata kama kisu, unafika kwa kwado, fundi wa mipira, anakuambia hapa hakuna cha kubandika. Bei inauma kweli. Ukishindwa minne nunua miwili, na uweke nyuma, juu nyuma ikiteleza mu mvua kuirudisha ni shida sana.

Ya pili, mpya ya kawaida, kama Noah ama Corolla yako haitokaka mjini. Unabeba mizigo? Tafuta yenye C mwisho wa saizi, kama 195R15C.

MT, ule wa matope mazito wenye meno makubwa, ni ya watu wa Masisi na Walikale, huko vijijini, mjini inapiga kelele tu na kuteleza kwenye lami yenye maji.

Ya tatu okazyo, mipira iliyokwisha kutumika, na hapa fungua macho. Soma DOT, ile namba ya kiwanda iko ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Ukipita miaka 6 mimi siuchukui hata ung'ae namna gani, juu wanaipakaka rangi nyeusi. Meno yakiwa chini ya milimita 3 maji hayapati pa kutokea, gari inaelea.

Ya mwisho kabisa, na hii ndiyo ilinifanya niandike, ni okazyo ya theluji kutoka Ulaya. Inadanganya sana juu meno yake ni marefu, yamejaa vikato vidogo vidogo, unaona kama mpya. Nilinunua minne hivyo, muuzaji akaniapia ni ya mvua, msimu haujaisha meno yameisha! Ule mpira umetengenezwa ubaki laini baridi ikishuka chini ya digrii 7, na Goma digrii 7 tutaionea wapi, mu joto letu unakuwa laini kupita kiasi, unalika haraka na breki inachelewa kushika. Alama yake ni kamlima ka vilele vitatu kenye nyota ya theluji ndani, iko ubavuni. M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, iko kwenye mipira mingi, na AT zingine zinakuwaka na kale kamlima pia. Lakini ukikaona kwenye mpira wa gari ndogo wenye vile vikato, rudisha chini, hata akupunguzie bei nusu.