Gari limetoka bandarini: ununue nini kulinda rangi, na kipi kisubiri

Gari likishatoka bandarini na kupata namba, pesa nyingi imekwenda kwenye ushuru na bima, na kilichobaki kinagombaniwa na tinti, redio na matairi. Rangi hukumbukwa baadaye, boneti ikishapauka sana, na wakati huo mara nyingi hakuna cha kununua kitakachoirudisha isipokuwa kupiga rangi upya. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bajeti ndogo, anayelaza gari nyumbani na yuko tayari kufanya kazi mwenyewe uani. Nimeuandika nikiifikiria Dar es Salaam, lakini wa Tanga, Mombasa na Zanzibar wana matatizo yale yale: jua, chumvi ya bahari, kunguru na maji ya kisima.

Kwanza ujue unacholinda. Rangi ya kiwandani ina matabaka, na la juu kabisa ni uwazi mtupu. Mafundi huliita klia. Unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani mara nyingi ni jembamba kuliko unywele wako. Mng'ao wote uko hapo, na ndilo linaloikinga rangi ya chini na jua. Kila unapopiga kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, ili kuondoa mikwaruzo, unakwangua klia kidogo, na hairudi. Kwa hiyo kompaundi haimo kwenye orodha hii. Hiyo hailindi rangi, inaitumia.

La pili, hakikisha rangi ni ya kiwandani. Mengi ya magari tunayoyaita mapya yametembea Japani kwa miaka kadhaa, na mengine yamepigwa rangi bampa au mlango kabla hujaonyeshwa. Pita ubavuni mwa gari mwanga ukiwa umelala: paneli iliyorudiwa huwa na chembe za vumbi zilizonaswa, au ukingo wa rangi kwenye mpira wa kioo. Kuna sababu ya kujali hilo. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 140 hivi, ikikufikia imeshakomaa na unaweza kuipaka kinga siku hiyo hiyo. Ya gereji huendelea kutoa tina, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi, kwa wiki nyingi. Ukiifunika mapema unaifungia tina ndani. Ipe siku 30 hadi 90 kutegemea rangi aliyotumia fundi, na muda huo uioshe kwa maji na shampuu tu.

Sasa twende kwenye manunuzi, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata.

1. Vifaa vya kuoshea

Wengi wanatarajia namba moja iwe seramiki, ile dawa ya chupa inayokauka kuwa tabaka gumu juu ya rangi. Hapana. Ile mikwaruzo ya duara inayojitokeza usiku chini ya taa za kituo cha mafuta haikuletwa na jua wala barabara. Imeletwa na kuosha na kufuta. Mlinzi anayelipangusa gari kila asubuhi kwa dasta kavu anafanya kwa nia njema, lakini anauburuta mchanga juu ya klia kutoka boneti hadi buti. Umwombe kwa heshima aache, umweleze sababu, na kama anataka kusaidia alimwagie maji kwanza.

Nunua ndoo mbili, glavu ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi nyembamba sana) yenye nyuzi ndefu, taulo mbili kubwa za maikrofaiba za kukaushia, na shampuu ya gari. Sponji iache jikoni, maana uso wake bapa unaubana mchanga dhidi ya rangi, wakati nyuzi ndefu za glavu zinaumeza. Ndoo moja iwe na shampuu, nyingine maji matupu ya kusuuzia glavu kila unapomaliza paneli. Anza kwa kumwagia gari lote maji vumbi lishuke, kisha osha kutoka paa kwenda chini. Rimu na sehemu za chini ziwe na kitambaa chao, kisiguse boneti kamwe. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno: inang'oa waksi uliyoipaka kwa jasho na kuchosha mipira ya milango.

Maji ya kisima yanahitaji tahadhari ya pekee. Sehemu nyingi za Dar maji hayo yana chumvi na chokaa, na tone likikaukia juu ya rangi jua kali linaacha doa la duara ambalo shampuu haiondoi. Osha kivulini, paneli isiwe na joto ukiigusa, na kausha upesi kabla maji hayajakauka yenyewe. Ukiwa na ndoo ya maji ya mvua au ya bomba, yatumie kwa msuuzo wa mwisho. Doa likishatokea, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hulegeza la juujuu. Suuza mara moja baada yake, kisha paka kinga upya mahali hapo.

2. Kinga ya sintetiki

Dukani utaambiwa ni waksi tu, na kwenye kopo lenyewe huenda pameandikwa waksi. Tofauti yake na waksi ya asili ni kwamba imetengenezwa kwa polima, yaani kemikali za jamii ya plastiki, zinazoshika kwenye klia na kuvumilia joto na sabuni. Kwa jua letu panga kuirudia kila miezi 3 au 4, hata kama kopo linaahidi zaidi. Kwangu hiki ndicho kitu kinachorudisha pesa yake kuliko vyote: mtu asiye na uzoefu hawezi kuharibu gari nacho, hakihitaji mashine, na chupa moja haiishi haraka. Collinite 845, ambayo imechanganya karnauba (waksi ya asili, namba 5 hapa chini) na sintetiki, huja kwenye chupa ya mililita 473. Gari dogo haliwezi kula zaidi ya mililita 30 kwa mara moja, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Soft99 Fusso Coat ya Japani ni ya kopo la gramu 200, na kuna ya magari meusi na ya meupe, zisikuchanganye. Meguiar's Ultimate Liquid Wax ni rahisi zaidi kupaka na kufuta. Yoyote kati ya hizo inatosha, chukua unayoweza kuipata halisi, yenye sili ambayo haijafunguliwa.

Kabla ya kupaka, pima uso wa rangi. Gari lililosafiri melini na kukaa bandarini hubeba chembe ndogo za chuma zilizojipachika kwenye klia. Zamani tulivaa mfuko wa plastiki mkononi kupima hilo. Tangu mifuko ipigwe marufuku, Kenya 2017 na Tanzania 2019, karatasi ya nailoni ya mkate inafanya kazi ile ile: osha gari, ingiza mkono kwenye nailoni, pitisha vidole polepole juu ya boneti. Kiganja kitupu hakitasikia kitu, lakini kupitia nailoni utasikia vipele kama msasa. Ukivisikia, nunua udongo maalumu wa kusafishia rangi. Unaukanda uwe bapa, unalowesha paneli kwa maji ya shampuu, unautelezesha bila kukandamiza mpaka sauti ya kukwaruza inyamaze. Ukikuanguka chini, utupe. Mchanga ulioshika hautoki.

Kupaka kwenyewe ni kazi ndogo. Tabaka jembamba, nusu ya boneti kwa wakati, subiri lipate ukungu, futa kwa maikrofaiba kavu na safi. Watu huharibu kwa kupaka nene wakidhani inalinda zaidi. Nene inakuwa ngumu kufuta, na nguvu unayotumia kufuta ndiyo inayokwaruza. Utajua imechoka maji yakiacha kusimama matone na kuanza kutanda.

3. Plastiki ya kulinda rangi, kwa vipande

Hii ndiyo pekee kwenye orodha inayozuia jiwe. Anayekwenda Morogoro au Dodoma mara kwa mara akifuata nyuma ya malori ajue kwamba waksi wala seramiki haimsaidii na kokoto. Kufunga gari zima ni kazi ya wataalamu na ni ghali sana, lakini vipande vilivyokatwa tayari unaweza kuvibandika mwenyewe: ukingo wa milango, vikombe vya nyuma ya vitasa ambako kucha na pete hukwaruza, na mdomo wa buti unapopakia mizigo. Sehemu inabandikwa ikiwa imelowa maji ya shampuu ili uweze kuisogeza, kisha unasukuma maji nje kwa mpira wa kufutia vioo, ukianzia katikati.

Uliza imetengenezwa kwa nini. Ya TPU, ambayo ni aina ya poliurethani, inanyumbuka na ile nzuri huziba mikwaruzo midogo yenyewe ikipata joto. Ya PVC, plastiki ya kawaida, ni ya bei nafuu, lakini kwa jua la pwani inageuka njano na kukakamaa. Na kamwe usiibandike kwenye paneli iliyopigwa rangi gereji bila uhakika wa kazi ya fundi, kwa sababu siku ya kuibandua inaweza kuondoka na rangi.

4. Seramiki ya chupa

Seramiki nzuri ni kitu kizuri. Hudumu mwaka mmoja hadi mitatu ikitunzwa, inavumilia sabuni na kemikali, na gari linaoshwa kwa urahisi. Nimeiweka namba nne kwa sababu ya mahali tunapoipakia. Inataka rangi iliyosafishwa na kung'arishwa, ikapanguswa kwa spiriti isibaki na mafuta. Inataka eneo lisilo na vumbi wala jua. Kwa joto la nyuzi 32 na unyevu wa Dar inaanza kukauka ukiwa bado unapaka, na usipoifuta kwa wakati inaacha mabaka meusi ambayo hutolewa kwa kompaundi peke yake. Baada ya hapo gari lisilowe kwa saa 24 hivi, na lisioshwe kwa shampuu kama wiki. Asiye na gereji yenye milango asianze nayo.

Wauzaji huonyesha alama ya 9H wakisema gari halitakwaruzika tena. Hicho ni kipimo cha penseli: 9H ni penseli ngumu ambayo haikuweza kukwaruza tabaka hilo kwenye majaribio. Mchanga ni mgumu kuliko penseli. Ukiosha vibaya, seramiki nayo itakwaruzika.

5. Waksi ya karnauba

Inatokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, na kwa gari jeusi au jekundu inatoa mng'ao wa kina ambao naupenda. Ila boneti nyeusi ikishinda juani, waksi hii haikai, wiki chache tu imekwisha. Ainunue anayefurahia kuhudumia gari lake kila mwezi.

6. Kava la gari

Linafaa gari linalokaa siku nyingi bila kutembea, tena chini ya banda. Kwa gari la kila siku, kulifunika likiwa na vumbi huku upepo ukilitikisa kava ni kulisugua usiku kucha, na kava lisilopitisha hewa hufungia unyevu wa bahari ndani. Pesa hiyo ni bora uiweke kwenye mabati ya kivuli.

Usikubali mtu akufutie gari kwa mafuta ya taa au dizeli ili ling'ae. Hakuna kinachobaki hapo ila mafuta yanayokamata vumbi.

Nunua pia chupa ndogo ya kupulizia, ujaze maji yenye shampuu kidogo, uiweke garini pamoja na taulo safi. Kinyesi cha kunguru kina asidi, na juani kinakauka na kujikunja huku klia imelainika, kikiacha kovu ndani ya siku moja. Kipulizie, kifunike kwa taulo lililolowa dakika chache, kisha kinyanyue bila kusugua. Utomvu wa mwembe utoe kwa namna hiyo hiyo mapema, ukiwa bado mbichi.