Mwongozo wa Kinjeketile: maswali mazuri, wahusika wamekaushwa

Nafundisha Kiswahili sekondari. Klabu yetu ya fasihi ilipotaka kuigiza sehemu za Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu kiongozi wa vita vya Majimaji aliyewaahidi watu kwamba maji yake ya dawa yatawakinga na risasi za Wajerumani, nilipita stesheneri nikanunua mwongozo wake kwa shilingi 4,000. Maandishi yanasomeka vizuri, muhtasari wa maonyesho umetulia, na maswali ya mwisho yametungwa na mtu anayeujua mtihani. Anayetaka fani na maudhui ya haraka atakuta dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa, kila kimoja na mfano wake.

Tatizo ni wahusika. Kinjeketile kapewa sifa tatu: jasiri, mzalendo, mwongo. Kijana tuliyempa nafasi hiyo alizikariri, akaja mazoezini anaigiza tapeli, macho yanamcheza kila akitaja maji. Simlaumu, ndivyo alivyosoma. Lakini Kinjeketile wa Hussein si tapeli hata kidogo! Anatoka mtoni akiamini. Baadaye anaanza kuyatilia shaka maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, na wakati huo watu wameshayashika, hayarudi tena. Anawasihi wasubiri, hawasubiri. Wanakwenda vitani, wanakufa. Akiwa mikononi mwa Wajerumani anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa, maana akikiri tu, watoto na wajukuu wataambiwa kwamba kupigana kulikuwa kosa. Mtu huyu anajua lile neno limewaua watu wake, na bado hawezi kulikana. Hapo ndipo ulipo uzito wa tamthilia nzima, na mwongozo umepapita bila hata sentensi moja.

Maji nayo yameandikwa "ishara ya umoja", basi. Ni kweli, lakini ni nusu yake. Wamatumbi, Wakichi na Warufiji walikuwa hawaaminiani, na maji ndiyo yaliyowakalisha pamoja. Maji hayohayo ndiyo yaliyowapeleka kifua wazi mbele ya bunduki. Mwanafunzi apewe pande zote mbili, abishane na wenzake.

Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile wamewekwa kwenye "wahusika wadogo", jambo lililoniudhi kweli. Tamthilia inafunguliwa na wao, wakizungumzia njaa. Bila mazungumzo yale huwezi kuelewa kwa nini shamba la pamba la Mjerumani lilichukiwa vile. Chausiku, binti wa Kitunda anayekamatwa na askari, katajwa mara moja tu, tena kwenye muhtasari.

Kuna pia mkorogo wa historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mwongozo unachanganya maisha yake na ya mhusika kana kwamba ni mtu mmoja, wakati Hussein mwenyewe katika utangulizi wake anawatenganisha.

Kwa mwanafunzi: soma tamthilia yenyewe kwanza, halafu mwongozo huu utakufaa kwa maswali. Kwa shule, nakala moja ya maktaba inatosha. Na wachapishaji, tafadhali, toleo lijalo wekeni namba za kurasa kwenye nukuu. Hivi ilivyo sasa, kuitafuta nukuu moja darasani kunakula nusu ya kipindi.