Kitasa gani kinunuliwe kwa nyumba ya wageni wanaojifungulia mlango wenyewe

Thamani ya kitasa hujulikana pale mgeni wa siku mbili tatu anapofika saa sita usiku, simu yake imezimika na mzigo uko begani. Kwa hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa kipimo kimoja: je, mlango utafunguka bila simu ya mgeni na bila mwenye nyumba kuamshwa?

Nafasi ya kwanza naipa kitasa cha betri chenye vibonye, kinachokubali namba za siri za muda maalumu bila kutegemea intaneti. Programu ya mwenye nyumba hukokotoa namba kutokana na tarehe za kuingia na kutoka, na kitasa, ambacho kina saa ndani yake, hufanya hesabu ileile na kuitambua. Mtandao ukikatika mgeni huingia, na siku zake zikiisha namba hukoma yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba katika vitasa vingi vya aina hii, namba iliyokwisha kutolewa haifutiki ukiwa mbali.

Kinachofuata ni kitasa cha namba chenye Wi-Fi. Hiki hubadilishwa namba kutoka popote na huonyesha saa mlango ulipofunguliwa, lakini Wi-Fi hula betri haraka kuliko Bluetooth. Tumia betri za aina ambayo mtengenezaji ameitaja: za lithiamu hushikilia volti karibu ileile hadi mwisho, kisha huanguka ghafla, na kipimo cha chaji kilichotengenezwa kwa ajili ya alkali hudanganyika. Kwa aina zote mbili, usinunue kitasa kisicho na njia ya dharura, yaani tundu la ufunguo wa kawaida au ncha za nje za kugusishia betri ya volti 9.

Kitasa cha namba cha mitambo hakihitaji betri kabisa, jambo ambalo ni faraja kubwa. Hata hivyo, katika vingi mpangilio wa tarakimu haujalishi, kwa hiyo vibonye 10 na namba ya tarakimu 4 zisizorudiwa hutoa michanganyiko 210 tu. Tena, kuibadilisha namba mara nyingi hulazimu kukifungua kitasa kwa bisibisi, kazi ambayo, tuseme ukweli, hakuna anayeifanya kila mgeni anapoondoka.

Kisanduku cha funguo chenye magurudumu 4 kina michanganyiko 10,000, lakini tatizo lake ni ufunguo wenyewe, ambao hupotea au hunakiliwa. Mimi ningekinunua kama akiba tu, kihifadhi ufunguo wa dharura.

Kitasa kinachofunguka kwa programu ya simu pekee nimekiweka mwisho, hata kiwe kizuri namna gani.

Kabla ya kulipa, pima unene wa mlango na umbali kutoka ukingoni hadi katikati ya tundu la kitasa, ambao kwa kawaida ni milimita 60 au 70. Mlango wenye makomeo kadhaa yanayofunga kwa pamoja huhitaji kitasa cha aina yake, na ule unaokwaruza fremu urekebishwe kwanza, kwa kuwa mota inayosukuma komeo kwa nguvu humaliza betri. Hakikisha pia kwamba kwa ndani mlango hufunguka kwa mkono, bila ufunguo wala namba, moto ukizuka.