Mwaka mmoja wa kununua uzi wa jumla kwa picha za simu: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano. Naanza na hukumu kwa sababu kila anayetaka kufungua duka la nyuzi huniuliza swali moja tu: uzi unautoa wapi?

Duka langu ni chumba kimoja Majengo, Mombasa, nikinyoosha mikono karibu naigusa kuta zote mbili. Mtaji wangu wa kwanza, ukiondoa kodi, leseni ya kaunti na rafu, wote ulikwenda kwa muuzaji mmoja wa jumla wa Nairobi. Simtaji jina, maana bado twafanya biashara. Utaratibu wake ni mwepesi: anakutumia picha kwa WhatsApp, unachagua, unalipa kwa M-Pesa, mzigo unapakiwa basi la usiku, na asubuhi unaufuata Mwembe Tayari. Hapo sina neno naye. Mwaka mzima mzigo haujapotea hata mara moja, na nauli ya gunia ni nafuu kuliko mimi kufunga duka siku mbili nisafiri karibu kilomita 480 kwenda kuchagua mwenyewe.

Kazi iko ukifungua gunia.

Mzigo wa kwanza kosa lilikuwa langu, siwezi kumlaumu mtu. Rangi zilinipumbaza. Nikaagiza sufu nene nene kana kwamba nafungua duka Limuru. Mama mmoja akaingia, akachukua kidonge cha uzi, akajisugua nacho shingoni, akakirudisha. "Mwanangu, uzi hunu wawasha. Huna wa pamba?" Sikuwa nao. Watu wa hapa wanafuma vitambaa vya makochi, mikoba, vifuniko vya meza, viatu vya watoto wachanga, na vijana wanafuma nguo za kuogelea za kuuza kule ufukweni. Mabibi wanaoshona kofia za viua ndio kabisa, hao hawataki kusikia kitu kingine zaidi ya uzi mwembamba wa pamba. Sufu zile zilinikalia miezi minane, mpaka dada mmoja wa Wundanyi akazichukua zote kwa bei ya kutupa, maana kwao milimani angalau kuna baridi.

Kwa hivyo mara ya pili nikaagiza pamba tupu, vidonge hamsini. Lebo inasema pamba asilimia 100. Nilipoushika, mkono ukakataa, ulikuwa unateleza sana. Nikakata kipande cha urefu wa kidole, nikaenda nacho uani na kiberiti. Pamba ikiungua hunuka kama karatasi na huacha jivu laini linalopukutika. Huu ulinywea, ukayeyuka, ukaacha kishanga cheusi kigumu mwisho wa uzi. Akriliki hiyo, uzi wa plastiki wa kiwandani. Nikajaribu vidonge vingine: thelathini na vinane vilikuwa pamba kweli, kumi na viwili si pamba. Nikamtumia video. Jibu lake: "Dada, hata mimi nimeuziwa hivyo hivyo." Pesa hazikurudi. Tangu siku hiyo kiberiti hakitoki kwenye droo ya kaunta, na wateja wengine sasa huja kuniomba niwachomee, wafurahi tu.

Lakini lililoniuma zaidi ni la rangi. Mteja wangu mmoja wa Likoni alikuwa anafuma seti nzima ya vitambaa vya makochi kwa ajili ya harusi ya bintiye. Alinunua vidonge saba vya rangi ya maziwa, akasema vingine atafuata akipata pesa. Baada ya wiki tatu akavuka feri tena, nikampa vitano vya mzigo mpya. Namba ya rangi kwenye lebo ilikuwa ile ile. Chini ya taa ya dukani sikuona tofauti, wala yeye hakuona. Akarudi Jumatatu, hakunisalimu hata, akatandaza kitambaa mlangoni penye jua. Nusu ilikuwa maziwa, nusu ilikuwa kama maziwa yaliyotiwa manjano kidogo, na mstari umekatika katikati kama umepigwa rula.

Kumbe lebo ina namba mbili: ya rangi, na ya bechi, yaani ule mtungo mmoja uliotiwa rangi pamoja. Ya kwanza ikifanana na ya pili ikitofautiana, usimwahidi mtu kitu. Nilimrudishia pesa za vile vitano, tukakaa kitako tukafumua mistari ishirini, akaifuma upya akibadilisha, mistari miwili uzi wa zamani, miwili uzi mpya. Tofauti ikayeyukia humo humo. Sasa muuzaji wangu hafungi gunia kabla hajanipigia picha lebo, zote, namba zikisomeka. Mwanzoni alinung'unika kwamba namsumbua. Siku hizi huzituma bila kuombwa, na ndiyo nyota ya tatu hiyo.

Sindano za krosheti alizonipa ni za aina mbili. Za chuma sizitaki tena: kwa hewa yetu ya chumvi, mwezi wa pili zilishaanza kutu, na kutu ikigusa uzi mweupe umekwisha. Za alumini hazina tatizo, na milimita 4 na 5 ndizo zinazotoka. Na mzigo msiuweke sakafuni jamani. Masika ya mwaka jana katoni ya chini ilinuka ukungu, nikaianika barazani siku mbili.

Nitaendelea kununua kwake? Ndiyo, kwa pamba nyembamba na kwa vitu vya haraka. Oda kubwa ya rangi moja naiagiza yote kwa pamoja au siichukui.

Vile vidonge kumi na viwili bado viko rafu ya chini. Nimebandua lebo, nimeandika "akriliki" kwa kalamu nene. Jana mtoto wa gredi ya tano alikuja na mamake kwa kazi ya sanaa ya shule, akachukua viwili vyekundu vya kutengenezea nywele za mwanasesere. Vimebaki kumi.